Nusu

Mimi hupima. Ndiyo kazi yangu.
Mahindi, wimbi, maharagwe ya nyayo,
gorogoro baada ya gorogoro,
na kiganja cha nyongeza kwa mwenye watoto wengi.
Soko zima la Chwele linajua
bati langu halijabonyezwa kitako.

Kwa hiyo tabibu Chelagat aliponiambia,
"Anza na nusu siku saba, kisha kizima.
Haba na haba, baba,"
nilicheka, kicheko changu cha kwanza tangu mvua za Aprili.
Mimi, unanifundisha kibaba?

Hakucheka. Aliandika.

Nusu haikatiki.
Wembe uliteleza, kipande kikarukia uvunguni,
nikapiga magoti kama mtu wa sala,
napapasa vumbi nautafuta utulivu wangu.
Nasambu mlangoni: "Umeangusha shilingi?"
Nikasema ndiyo.

Wiki ile mdomo ulikuwa mkavu kama gunia tupu.
Miayo bila usingizi. Chai ikanuka sabuni.
Saa tisa za usiku nimeikodolea dari,
nahesabu misumari: mia na kumi na sita,
na tundu moja fundi alilolisahau
ambamo nyota moja hupita ikienda zake.

Na vidole vikatetemeka. Vidole vyangu!
Mjane wa Kapkateny aliona wimbi likifurika,
akadhani namwongezea.
Akanibariki.

Kizima kilifika Jumanne.
Hakikufanya lolote.
Jumatano, vivyo hivyo.
Ndugu yangu Makokha akasema mwanamume
hunywa maji akalala.
Nilikunywa maji. Sikulala.

Kisha, sijui siku gani,
nilifungua gunia la maharagwe nikasikia harufu.
Si furaha, usinielewe vibaya.
Harufu tu: maganda, udongo mwekundu,
moshi wa jikoni kwa mtu.
Miezi minane nimeuza kitu kisicho na harufu
wala sikujua.

Basi nikajiona nimepona, nikaacha.

Siku ya pili ikaja ile cheche.
Kila nikigeuza macho, tsi!
ndani ya fuvu, kama swichi iliyoingia maji.
Redio ikatangaza mbolea ya kupandia
nami nikalia, nikalia kweli,
kwa ajili ya yule mkulima wa tangazo na shamba lake.

Chelagat kwenye simu, sauti yake haijapanda:
"Ukishuka Elgoni na mzigo,
unazima injini katikati ya mteremko?"
Sizimi.
"Basi."

Tukaanza tena. Nusu. Kizima.
Baada ya Krismasi, viwili,
na hapo nikazidi kukauka, nikawa punje
ambayo hata fuko haigusi.
Tulimzika shangazi Namalwa.
Watu walilia hadi wakakauka koo,
mimi nikahesabu viti vya kukodi.
Vilikuwa themanini. Viwili vimevunjika.
Nilimpenda shangazi huyo.

Nikarudi kusema: hiki kipimo kimenifuta.
Nilitarajia anigombeze.
Akageuza karatasi, akachora mstari,
"Kimoja na nusu. Umefanya vizuri kusema."

Kimoja na nusu.
Nikarudi kwa wembe.

Lakini wembe haupo. Asubuhi nakuta kisahani
kando ya chai, kizima kimoja, nusu moja,
na kisu cha vitunguu kimeoshwa.
Nasambu yuko nje anapepeta,
amenipa mgongo makusudi.
Tangu lini amejua? Sikumuuliza.
Shilingi gani hutafutwa kwa magoti kila Jumatatu?

Anakata vibaya, mke wangu.
Nusu zake hazilingani hata siku moja,
ningemfukuza sokoni.
Leo nimepewa ile kubwa.
Ya kesho ni ndogo, imemegeka pembeni,
unga wake umebaki kisahanini.

Nimeulamba. Mchungu.
Nimeusikia uchungu wake wote.